Ilya Mechnikov, Mtu Aliyetafuta Adui wa Wadudu

Katika kisiwa cha Unguja mkulima huijua hesabu ya minazi yake kama mchungaji ajuavyo hesabu ya mbuzi wake. Mnazi mmoja humfaa mtu kwa miaka mingi: humpa dafu la kunywa, nazi ya kuungia mchuzi, mbata ya kuuza, makuti ya kuezekea nyumba, na makumbi ya kusokotea kamba. Lakini mnazi una adui zake. Yuko dundu mmoja mweusi mwenye pembe, aitwaye chonga, ambaye huruka usiku, akatoboa kilele cha mnazi na kula kuti changa ambalo bado halijakunjuka. Kuti hilo likifunguka huonekana limekatwa kama kwa mkasi, na chonga wakizidi, mnazi mchanga hufa. Mabuu wake, wanene na weupe, hukaa ndani ya magogo ya minazi yaliyooza na katika marundo ya samadi, mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Tena yuko mdudu mwingine mwembamba, wa jamii ya kunguni, ambaye hudunga vidaka na kufyonza maji yake, hata vidaka vikaanguka kabla ya wakati wake.

Hata hivyo wadudu hao nao wana adui zao. Kila mkwezi wa Unguja huwajua maji moto, wale chungu wekundu ambao hushona majani ya mti pamoja wakafanya nyumba, kwa maana huuma vikali kama jina lao lisemavyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili mtaalamu mmoja Mwingereza, M. J. Way, aliichunguza minazi ya Unguja kwa uangalifu, na katika mwaka wa 1953 akaeleza kwamba maji moto wanaokaa katika mnazi humfukuza mdudu yule anayefyonza vidaka, na kwa hiyo mnazi wao huzaa vizuri. Basi chungu anayemsumbua mkwezi ndiye mlinzi wa mnazi.

Lakini walinzi wa shamba si chungu peke yao. Wako wengine wasio na macho, wala miguu, wala meno, nao wakaa udongoni. Hao ni namna za kuvu. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar watu huijua kuvu kwa uharibifu wake, hasa wakati wa masika. Viatu vilivyowekwa sandukuni huota kuvu. Mkate uliosahauliwa huota manyoya. Na mbata isiyokauka vema, ikitiwa guniani, hugeuka rangi na kushuka bei. Ni vigumu kuamini ya kuwa kitu cha namna hiyo chaweza kumfaa mkulima. Walakini zamani, katika nchi ya mbali, alikuwako mtu mmoja aliyeamini hivyo, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuotesha kuvu makusudi ili kuwaua wadudu wa shambani. Jina lake Ilya Mechnikov.

Mechnikov alizaliwa mwezi wa Mei mwaka wa 1845, katika kijiji kilicho karibu na mji wa Kharkiv. Siku zile nchi hiyo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Leo ni Ukraini. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi, na Ilya alikuwa mtoto wa mwisho katika watoto watano. Nyumba yao ilizungukwa na nyika pana, yenye majani na maua ya namna nyingi. Kijana mmoja aliyekuwa akisomea udaktari aliletwa nyumbani kumfundisha kaka yake, lakini aliyefaidi zaidi alikuwa mdogo. Ilya akaanza kufuatana naye nyikani, akijifunza majina ya mimea, akiichuma na kuikausha. Husimuliwa kwamba alipokuwa bado mtoto mdogo aliwakusanya watoto wenziwe na kuwafundisha habari za mimea, na ili wasikimbie kabla somo halijakwisha aliwalipa kwa fedha aliyopewa ya kununulia vitu vyake.

Akaingia katika chuo kikuu cha Kharkiv, na masomo ambayo wengine huyamaliza kwa miaka minne, yeye akayamaliza kwa miaka miwili, katika mwaka wa 1864. Kisha akasafiri Ujerumani na Italia. Huko Naples alikaa pwani, akichunguza wanyama wadogo wa baharini jinsi wanavyokua tangu yai. Kazi hiyo ilifanywa kwa hadubini, yaani kioo cha kukuzia vitu vidogo, na Mechnikov aliitazama hadubini mchana na usiku hata macho yakamwuma, ikawa lazima apumzike mara kwa mara. Aliporudi kwao mwaka wa 1867, naye ni kijana wa miaka 22, akapewa kazi ya kufundisha katika chuo kikuu cha Odessa, mji ulio kando ya Bahari Nyeusi.

Kwa mambo ya elimu bahati yake ilikuwa njema, bali nyumbani alipata msiba. Mwaka wa 1869 alimwoa Ludmila, mwanamke aliyekuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Siku ya arusi bibi arusi hakuwa na nguvu za kutembea. Alichukuliwa kitini mpaka kanisani. Mechnikov alifanya kazi nyingi ili apate fedha za dawa na safari, akamchukua mkewe katika nchi zenye jua, akitumaini kwamba hewa ya joto itamponya. Haikuwa hivyo. Ludmila alikufa mwaka wa 1873 katika kisiwa cha Madeira. Mumewe, ambaye hakuwa ametimiza bado miaka 28, alikaribia kukata tamaa kabisa ya kuishi. Macho yalikuwa yakimwuma, fedha zimekwisha, na elimu yake yote haikuweza kumwokoa mtu mmoja aliyempenda. Tangu hapo maradhi hayakuwa kwake jambo la vitabuni tu. Alitaka kujua ni vita gani hivi vinavyopigwa ndani ya mwili wa mgonjwa, na kwa nini mmoja hupona na mwingine hufa.

Akarudi Odessa, akaendelea kufundisha. Mwaka wa 1875 akaoa tena. Mkewe wa pili, Olga, alikuwa binti mwenye bidii ya masomo; akawa msaidizi wake katika kazi zake zote, na baada ya mumewe kufa yeye ndiye aliyeandika kitabu cha maisha yake.

Sasa yafaa kujua Odessa ilikuwa mji wa namna gani. Kama karafuu ilivyokuwa kwa Unguja na Pemba, ndivyo ngano ilivyokuwa kwa Odessa. Ngano ya nyika zote za kusini ilipelekwa katika bandari ile, ikapakiwa merikebuni kwenda Ulaya. Ngano ikistawi, tajiri na maskini walikula. Ngano ikiharibika, hofu iliingia katika kila nyumba. Na katika miaka ya 1870 na kitu ngano iliingiliwa na adui. Alikuwa dundu mdogo, ambaye huja kwa maelfu wakati ngano inapozaa, akapanda juu ya masuke, akala punje zikiwa bado changa, na nyingine akaziangusha chini zikapotea. Watu walitumwa mashambani kuwaokota kwa mikono, lakini ilikuwa kama kuteka maji ya bahari kwa kata. Kwa maana madundu walioonekana juu ya masuke walikuwa wachache. Wenzao walikuwa chini. Mabuu wa dundu huyu hukaa udongoni karibu miaka miwili, wakila mizizi, kama vile mabuu wa chonga wakaavyo katika gogo bovu. Mtu akiwaokota wa juu leo, wa chini watatoka mwaka ujao.

Wenye mashamba na wakubwa wa jimbo wakatafuta msaada kwa wenye elimu, na Mechnikov akaingia katika kazi hiyo. Yeye hakuanza kwa kutafuta sumu. Alianza kwa swali: je, dundu huyu haumwi? Ikiwa binadamu ana maradhi yake, na ng'ombe ana yake, haikosi mdudu naye ana maradhi yanayomwua. Tena alijua habari zilizompa moyo. Katika Italia, mtu aliyeitwa Agostino Bassi alikuwa ameonyesha mwaka wa 1835 kwamba ugonjwa uliowaua wadudu wa hariri, ukawaacha wagumu na weupe kama chokaa, ulitokana na kuvu iliyoota ndani ya miili yao. Baadaye, katika Ufaransa, Louis Pasteur naye aliyachunguza maradhi mengine ya wadudu hao. Lakini Bassi na Pasteur walitaka kumponya mdudu, kwa kuwa mdudu wa hariri ni mali. Mechnikov aliligeuza jambo hilo. Alitaka mdudu augue.

Akawatafuta mabuu wagonjwa, akachimba udongo wa mashamba na kuwakagua mmoja mmoja. Mwaka wa 1879 akatoa habari ya yale aliyoyaona. Mabuu wa dundu wa ngano walikuwa na maradhi kadha wa kadha, na mojawapo lilimpendeza kuliko yote. Buu mwenye ugonjwa huo hufa, mwili wake hukauka wala hauozi. Kisha hufunikwa na utando mweupe kama pamba, na baada ya siku chache utando hugeuka kuwa unga wa kijani. Unga huo ni kuvu iliyokomaa, na kila chembe yake ni mbegu. Mechnikov akachukua mbegu hizo akazichanganya na udongo, akawaweka humo mabuu wazima. Nao wakaugua, wakafa, wakageuka kijani kama wenzao. Hapo ndipo alipojua kwamba maradhi yale yaweza kupandwa kama vile mtu apandavyo mtama. Baadaye wataalamu waliipa kuvu hiyo jina la Metarhizium.

Leo njia ya kuvu hiyo inajulikana vizuri zaidi kuliko siku zile. Ziko sumu ambazo hazimwui mdudu mpaka azile. Kuvu hii haingoji kuliwa. Mbegu yake ikimgusa mdudu hujibandika katika ngozi yake ngumu, na ikipata unyevu huchipuka. Kichipukizi chake hutoboa ngozi, hushuka ndani, hukua katika damu ya mdudu na kumla polepole, nayo hutoa sumu yake ya kumdhoofisha. Baada ya siku kadha mdudu hufa. Kama mahali pana unyevu, kuvu hutoka tena nje ya maiti, ikazaa mbegu mpya, nazo zikangoja udongoni mpaka mdudu mwingine apite.

Likabaki neno moja zito. Mabuu wagonjwa wachache waliookotwa shambani hawangetosha kutoa mbegu za nyika nzima. Ilipasa kuiotesha kuvu yenyewe, pasipo mdudu. Mechnikov akajaribu kuilisha machicha ya nafaka ya pombe, baada ya kuyachemsha ili kuua vijidudu vingine, na kuvu ikaota juu yake. Mkulima wa Unguja anayeona kuvu ikiota juu ya mbata huipigia kelele. Mechnikov alipoiona juu ya machicha alifurahi kama mtu aliyeona mpunga wake ukichanua.

Kazi hii ikashikwa na mtu mwingine wa nchi ile ile, Isaak Krassilstschik. Mwaka wa 1884, katika mji wa Smila kusini ya Kiev, alianzisha mahali pa kutengenezea mbegu za kuvu hiyo, akapata kilo 55 kwa muda wa miezi minne. Mbegu hizo zilitiwa katika mashamba ya viazi vya sukari yaliyokuwa yakiliwa na fukusi, na baada ya siku 10 hadi 14 fukusi waliokufa walikuwa kati ya 55 na 80 katika kila 100. Kwa mara ya kwanza maradhi ya wadudu yalikuwa yamefanywa bidhaa, yakatiwa shambani kwa kipimo.

Mtu angedhani kwamba tangu siku ile wadudu walishindwa. Haikuwa hivyo. Kuvu ni kiumbe hai, nayo ina matakwa yake. Udongo ukiwa mkavu, mbegu hazichipuki. Zikipigwa na jua kali, hufa. Tena haiui kwa saa moja, bali kwa siku nyingi, na mkulima anayeona shamba lake linaliwa hana subira. Basi kazi iliyoanza kwa matumaini makubwa ikafifia. Mechnikov mwenyewe alikuwa amekwisha kuacha kufundisha katika chuo kikuu cha Odessa mwaka wa 1882, kwa sababu ya fitina za siasa zilizofuata kuuawa kwa mfalme wa Urusi mwaka wa 1881. Mkulima wa nyika, ambaye kwa ajili yake kazi ilianzwa, alibaki na madundu wake.

Lakini swali lililoamshwa na dundu halikulala. Mechnikov na jamaa zake wakaenda kukaa Messina, mji wa pwani katika kisiwa cha Sicily. Kila mtoto wa Unguja aliyetembea ufukoni maji yakitoka amekiona kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye mikono mitano kama nyota. Vitoto vyake ni vidogo sana, tena vyaonekana ndani kama kioo. Siku moja ya mwaka wa 1882, wakati wengine nyumbani walikuwa wamekwenda kutazama mchezo, Mechnikov alikuwa peke yake na hadubini, akitazama chembe hai zilizokuwa zikitembea ndani ya vitoto hivyo. Likamjia wazo kwamba huenda chembe hizo ndizo askari wa mwili. Akachuma miiba bustanini, akamdunga kila mmoja mwiba chini ya ngozi, na usiku ule hakulala. Kulipopambazuka akatazama, akaziona chembe zimekusanyika kuuzunguka mwiba, kama watu wa mtaa wamzungukavyo mwizi.

Kisha akatafuta vita halisi ili aone kama askari hao hupigana kweli. Akakipata kidudu cha maji matamu, kidogo kuliko punje ya ufuta, chenye mwili unaoonekana ndani. Kidudu hiki nacho huuawa na namna ya kuvu, ambayo mbegu zake ni kama sindano. Kikizimeza, hutoboa utumbo na kuingia mwilini. Mechnikov akaona kwa macho yake chembe za kidudu zikizikimbilia sindano zile, zikizizunguka na kuzimeza. Mbegu zikiwa chache, chembe zilishinda, na kidudu kikapona. Zikiwa nyingi, kuvu ilishinda, na kidudu kikafa. Habari hiyo aliitoa mwaka wa 1884, mwaka ule ule ambao kilo 55 za mbegu za kijani zilitengenezwa Smila.

Hapo ndipo alipoifahamu maana ya kazi yake yote. Katika shamba la ngano aliitakia kuvu ushindi. Katika tone la maji alimtazama mdudu aliyeishinda. Vita vilikuwa vile vile, naye alikuwa ameviona kutoka pande zote mbili. Binadamu naye ana chembe nyeupe katika damu yake, ambazo humeza vijidudu vya maradhi. Kwa hiyo mtu hasalimiki kwa dawa peke yake. Ndani yake limo jeshi.

Wengi walimpinga. Hakuwa daktari bali mchunguzi wa wanyama, na waganga wakubwa wa Ujerumani walisema kwamba kinga ya mwili imo katika maji ya damu, wala si katika chembe. Mechnikov akabishana nao kwa miaka mingi, akijibu kila hoja kwa uchunguzi mpya. Mwaka wa 1888 Pasteur alimkaribisha Paris, akampa mahali pa kufanyia kazi katika taasisi yake, naye akakaa hapo mpaka mwisho wa maisha yake. Mwaka wa 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich, mmoja wa wale walioitetea habari ya maji ya damu. Ikaonekana kwamba kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli, maana mwili hutumia vyote viwili.

Katika uzee wake Mechnikov aliwahimiza watu kunywa maziwa ya mgando, akidhani kwamba yatazuia uozo wa tumboni na kuongeza miaka ya mtu. Katika jambo hilo alitumaini kupita kiasi, lakini mazoea ya kunywa maziwa hayo yalienea sana Ulaya kwa sababu yake. Alikufa Paris mwezi wa Julai mwaka wa 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwenye umri wa miaka 71. Mwili wake ulichomwa, na majivu yake yamewekwa katika maktaba ya taasisi ile.

Kuvu ya kijani je? Kwa muda mrefu ilibaki katika vitabu vya wataalamu. Mwaka wa 1939 ilitambuliwa nguvu ya dawa iitwayo DDT, na baada ya vita vya pili sumu za namna hiyo zilienea duniani kote, maana ziliua upesi tena bei yake ilikuwa nafuu. Lakini miaka ilipopita, wadudu wengine walizizoea sumu, na samaki, ndege na nyuki wasio na kosa wakafa. Ndipo watu walipoikumbuka tena njia ya Odessa. Tangu mwaka wa 1989 wataalamu wa nchi mbalimbali walishirikiana kutafuta kuvu iwezayo kuua nzige katika Afrika, nao wakachagua moja ya jamii ile ile ya Metarhizium. Mbegu zake huchanganywa na mafuta, ili zisikaushwe na jua.

Mwaka wa 2009 nzige wekundu walizidi katika mabonde ya magharibi ya Tanzania. Walikuwa katika nyika ya Iku karibu na mbuga ya Katavi, katika mabonde ya Ziwa Rukwa, na katika bonde la mto Malagarasi. Mahali hapo pana maji, samaki na wanyama wengi, na sumu kali ingeleta madhara makubwa. Basi ndege zikanyunyiza mbegu za kuvu juu ya karibu hekta 10,000, na nzige wakazuiwa wasienee. Ilikuwa mara ya kwanza katika Afrika kwa nzige kupigwa kwa njia hiyo kwa eneo kubwa namna ile. Tangu mwaka wa 1879, ilikuwa imepita miaka 130.

Kazi hiyo imefika hata katika mashamba ya matunda. Mwaka wa 2003 alionekana katika Kenya nzi mgeni kutoka Asia, ambaye hutaga mayai ndani ya maembe, na leo yuko Tanzania Bara na Visiwani pia. Mama anunuaye embe zuri katika soko la Darajani, akalikata na kukuta mabuu ndani, amekutana na kazi yake. Mabuu hao wakishiba hushuka na kujificha udongoni chini ya mwembe, wageuke nzi. Hapo ndipo kuvu huweza kuwangojea. Wataalamu wa taasisi ya wadudu iliyoko Nairobi, iitwayo ICIPE, wamejaribu kuitia kuvu ya Metarhizium katika udongo chini ya miembe, ili nzi afe kabla hajaruka.

Hata hivyo kuvu si uganga. Kila namna ina wadudu wake, nayo yataka unyevu, kivuli na subira. Wala haimwondolei mkulima kazi zake za zamani. Anayeacha magogo ya minazi yaoze shambani amemjengea chonga nyumba, na hapana mlinzi awezaye kumsaidia mtu mvivu. Lakini kuvu hiyo imo katika udongo wa nchi nyingi za dunia, nayo yajulikana kuwaua jamaa za chonga katika visiwa vya minazi vya Asia na vya Bahari ya Pasifiki. Kijana wa Unguja akipasua gogo bovu, akakuta buu lililokauka limefunikwa na unga wa kijani, asilitupe kwa haraka kama uchafu. Alitazame kwanza. Mechnikov alilitazama kama hilo, akaanza kazi ambayo hakuishi hata kuiona ikifika mwisho. Nayo bado haijafika mwisho.